Mtoto mwenye mdomo sungura na njia ya kwenda hospitali



Kati ya mwaka 2004 na 2009, Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilipokea wagonjwa 240 waliozaliwa na mdomo sungura, au na uwazi katika kaakaa, au na vyote viwili kwa pamoja. Kati yao, 88 walikuwa wamezaliwa katika jiji la Mwanza lenyewe. Katika muda huo huo watoto 120,079 walizaliwa hai jijini humo, na kwa hesabu hiyo watafiti walikadiria kwamba hali hii humpata takriban mtoto 1 katika kila watoto 1,360. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ile inayotajwa mara nyingi kwa dunia nzima, yaani mtoto 1 katika kila 700 hivi. Wapo wanaoieleza tofauti hiyo kwa nasaba, na huenda wana haki, maana tafiti nyingine za watu wenye asili ya Afrika zimeona vivyo hivyo. Walakini, kabla ya kuyapokea maelezo hayo yote, hapana budi kuuliza waliohesabiwa ni akina nani. Waliohesabiwa ni wale waliofika. Mtoto aliyekufa kwa njaa akiwa na siku tisa, kabla hata hajapewa jina, hayumo katika wale 240. Kadhalika hayumo aliyefungiwa nyumbani wageni wasimwone.

Hata hesabu hiyo ndogo ikitumika, mzigo si haba. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, kwa hiyo watoto wanaozaliwa na kasoro hii hawapungui 1,400 kwa mwaka. Tiba yao inajulikana, na ipo nchini. Bugando huko Mwanza na CCBRT jijini Dar es Salaam zimeifanya kwa miaka mingi, na mashirika ya hisani yamegharimia sehemu kubwa ya kazi hiyo ili mzazi asitozwe. Ikiwa tiba ipo na mzazi hatozwi, inakuwaje kijana wa miaka ishirini aonekane mnadani amejifunika mdomo kwa kitambaa?

Inafaa kwanza ielezwe kasoro hii ni nini, kwa kuwa mengi yanayosemwa juu yake ni uzushi. Uso wa binadamu hautokei tumboni ukiwa kitu kimoja. Sehemu zake huota pande mbili, zikasogeleana na kuungana katikati. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa. Kwa maneno mengine, kila mtu aliyepata kuzaliwa, awe mkulima au mheshimiwa, alikuwa na uwazi huo katika siku zake za mwanzo. Tofauti ni kwamba kwa wengine muungano haukukamilika. Sababu zake huchanganyika: ziko za kurithi, na yako mambo yanayoongeza hatari, kama vile uvutaji wa sigara, ulevi, kisukari cha mama na baadhi ya dawa za kifafa zinapotumiwa wakati wa mimba. Aghalabu hakuna daktari anayeweza kumwambia mama fulani kwamba sababu ni hii. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba mtoto hakupata kasoro hii kwa sababu mama alimcheka mlemavu, wala kwa sababu jirani alimtazama kwa jicho baya. Uso huo uliumbika, au ulishindwa kuumbika, katika majuma ambayo mama wengi hawajajua bado kwamba wana mimba.

Hata jina lenyewe la mdomo sungura lina kejeli ndani yake, na wako wazazi lisilowapendeza. Hapa linatumika kwa kuwa ndilo linaloeleweka toka Tanga hadi Kigoma. Mkunga mwenye adabu atamwambia mama kwamba mdomo wa mtoto haukuungana, na hilo litatosha.

Hatari ya kwanza humfika mtoto huyu mapema sana, kabla ya suala lolote la kisu. Mtoto mchanga hunyonya kwa kuvuta. Midomo hulibana titi, ulimi hushuka, na ndani ya kinywa hutokea mvuto unaosaidia kutoa maziwa. Kaakaa likiwa wazi, kinywa na pua vinakuwa chumba kimoja, na mvuto huo hautokei, kama vile mtu asivyoweza kufyonza maji kwa mrija uliotoboka. Mama humweka mtoto kwenye titi saa nzima. Maziwa kidogo hutokea puani, mtoto hupaliwa, huchoka, hulala, kisha huamka akilia upya. Jamaa wa nyumbani huamua kwamba mama hana maziwa. Huletwa maji ya sukari, au uji mwepesi, na pamoja na hayo kuharisha huingia nyumbani. Mtoto akifariki katika wiki ya tatu, watu husema ni kuharisha au homa ya mapafu, na wengine hunong'ona kwamba ni afadhali.

Dawa ya njaa hiyo ni maarifa. Mama akamue maziwa yake mwenyewe katika kikombe kidogo kilicho safi, ampakate mtoto akiwa wima, amlishe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, ampumzishe, amcheulishe, na kuendelea. Mtoto mwenye mdomo tu uliopasuka, kaakaa lake likiwa zima, mara nyingi huweza kunyonya kama wenzake, kwa sababu titi lenyewe huziba ule uwazi. Ndiyo maana mkunga hapaswi kuridhika na kuutazama uso pekee. Lazima amulike kinywani na kulipapasa kaakaa kwa kidole safi, kwani upo uwazi wa kaakaa usioambatana na kasoro yoyote ya mdomo, na mtoto wa namna hiyo hutoka wodini akionekana mzuri kama wengine wote. Huyo ndiye anayekonda bila watu kujua kwa nini.

Mtoto akiisha kunenepa, daktari huweza kumshughulikia. Kwa miaka mingi madaktari wamefuata kanuni nyepesi kukumbukwa, ya kumi tatu: mtoto awe na umri wa wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4 na nusu hivi, na damu yenye hemoglobini ya gramu 10 kwa kila desilita. Ufundi wa kushona mdomo wenyewe hauna siri tena. Mmarekani Ralph Millard, aliyeubuni alipokuwa daktari wa jeshi nchini Korea, aliueleza mbele ya madaktari wenzake mjini Stockholm mwaka 1955, naye hakukata nyama na kuitupa, bali aliizungusha na kuisogeza ili kila sehemu ikae mahali ilipostahili kukaa. Hadi leo wengi hufuata njia hiyo au mojawapo ya zile zilizotokana nayo. Kaakaa hufuata baadaye, kwa kawaida mtoto akiwa na kati ya miezi 9 na 18, ili liwe limefungwa kabla mazungumzo hayajakomaa.

Kazi ngumu zaidi imo mikononi mwa yule anayemlaza mtoto usingizi. Mahali anaposhona daktari ndipo hapo hapo mtoto anapopumulia, na watu wawili hugombea njia moja nyembamba kuliko kidole. Mtoto wa miezi mitatu akikosa hewa kwa dakika chache tu, madhara yake hayarudishwi. Mjapani Takuo Aoyagi aligundua katika miaka ya 1970 namna ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita kidoleni au sikioni, na kifaa hicho kimeokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba vyumba vya upasuaji vipatavyo 77,000 duniani vilikuwa vikifanya kazi bila kifaa hicho, vingi vikiwa katika nchi maskini. Mwaka uliofuata liliundwa shirika la Lifebox kwa ajili ya kuvisambaza. Mwaka 2015, tume ya jarida la Lancet ilitoa taarifa iliyowashtua wengi: watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu, na kati ya upasuaji milioni 313 unaofanyika kila mwaka, ni asilimia 6 tu unaofanyika katika nchi maskini kabisa, zenye zaidi ya theluthi moja ya watu wote. Mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha upasuaji na nusukaputi, na mwaka 2018 Tanzania ikazindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na nusukaputi uliokusudiwa kufika mwaka 2025. Mipango hiyo ilifanya jambo jema la kumtaja mtaalamu wa usingizi kwa jina lake. Kabla ya hapo alikuwa kama mpiga ngoma nyuma ya pazia.

Misaada ya nje nayo ina historia yenye mafunzo. Mwaka 1969 daktari Donald Laub wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha Interplast, na kundi hilo likaanza kusafiri kwenda nchi nyingine kutibu. Mwaka 1982 Bill Magee, daktari wa upasuaji, na mkewe Kathy walifika mji wa Naga nchini Ufilipino pamoja na wenzao. Waliweza kuwatibu watoto wapatao 40, na mamia wakarudishwa makwao kwa kuwa muda uliwaishia. Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Operation Smile. Wema wa watu hao haukanushiki. Lakini kila aliyewahi kuona foleni ya namna hiyo anaijua kasoro yake. Mtoto mwenye upungufu wa damu siku ya Jumatatu haambiwi arudi baada ya wiki sita, kwa sababu baada ya wiki sita hakutakuwa na mtu. Mtoto ambaye mshono wake umefumuka hana wa kumwendea. Na kaakaa, ambalo linahitaji miezi kadhaa ya kungoja baada ya mdomo, huachwa.

Ndiyo sababu mwelekeo uligeuka. Smile Train, iliyoundwa mwaka 1999, ilichagua kuwafundisha na kuwagharimia madaktari wa nchi zenyewe ili watibu mwaka mzima, na kwa njia hiyo upasuaji uliofanyika umepita milioni 1 na nusu. Operation Smile wenyewe, kwa kushirikiana na serikali ya jimbo la Assam nchini India, walifungua mwaka 2011 kituo cha kudumu ndani ya hospitali ya serikali katika mji wa Guwahati. Karibu zaidi na nyumbani, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, imefanya kazi hiyo tangu mwaka 2009. Daktari Andrew Hodges, aliyetibu watoto wengi nchini Uganda, alichapisha mwaka 2010 taarifa ya watoto 106 wenye umri chini ya miezi 10 waliofungwa mdomo na kaakaa kwa mara moja. Vitabu haviamuru hivyo. Alikuwa ametambua kwamba mama aliyeuza mbuzi apate nauli ya safari ya kwanza huenda asiwe na mbuzi wa safari ya pili.

Je, basi, kila hospitali ya wilaya ipewe kazi hii? Wapo wanaotaka iwe hivyo, na hoja yao ina uzito. Tanzania tangu miaka ya 1960 ilifundisha madaktari wasaidizi waliobeba upasuaji wa wazazi wilayani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikoa ya Mwanza na Kigoma haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Lakini mama aliyekwama uzazi hawezi kungoja hata saa sita, na kwa ajili yake kisu lazima kiwe karibu. Mtoto mwenye mdomo sungura anaweza kungoja wiki sita, mradi ale. Tena wilaya yenye watoto 10,000 wanaozaliwa kwa mwaka itapata watoto 7 tu wa namna hii, na daktari anayefunga kaakaa 7 kwa mwaka hataujua ufundi huo vyema. Kaakaa lililofungwa vibaya mara ya kwanza ni gumu kuliko ambalo halijaguswa. Afadhali vituo viwe vichache, vya kanda, vyenye mikono iliyozoea na wataalamu wa usingizi wa watoto. Kinachotakiwa kufika kila kijiji ni jicho la kumtambua mtoto, maarifa ya kumlisha, na nauli.

Na kwa hayo matatu, vyombo vipo tayari. Mtoto wa Tanzania huchanjwa anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu katika mwezi wa 9 na wa 18. Yeyote atakayeziweka tarehe hizo kando ya tarehe za mdomo sungura atastaajabu. Wiki ya 6 ni wakati wa kuona kama mtoto anaongezeka uzito au anakonda. Wiki ya 10 ndiyo ile ya kanuni ya kumi tatu. Mwezi wa 9 na wa 18 ndiyo mipaka ya muda mzuri wa kulifunga kaakaa. Kadi ya kliniki anayoibeba mama ndani ya khanga, yenye mstari wa uzito ndani yake, ni ratiba kamili ya tiba ya mtoto huyu, ila hakuna aliyeisoma hivyo. Muuguzi wa zahanati akiandika juu ya kadi hiyo kwa kalamu nyekundu mahali pa kupelekwa na mwezi wa kupelekwa, atakuwa ametimiza sehemu kubwa ya kazi bila kuomba chombo kipya.

Inabaki nauli. CCBRT ilionyesha njia kuanzia mwaka 2009 kwa wanawake wenye fistula. Wajumbe wa kujitolea vijijini waliwatambua wagonjwa, fedha za basi zikatumwa kwa simu, mgonjwa akasafiri, na mjumbe akapewa shukrani kidogo mgonjwa alipofika. Idadi ya waliofika iliongezeka. Utaratibu huo hauhitaji kubuniwa upya kwa ajili ya watoto. Kwa ile wilaya ya watoto 10,000, hesabu ni watoto 7 na mama zao, safari mbili kwa kila mmoja, pamoja na chakula cha siku chache. Mtendaji wa kata aliyekwisha kuandaa ziara moja ya viongozi anajua kwamba kiasi hicho ni kidogo kuliko gharama ya mafuta ya magari ya siku ile.

Kwa ndugu walimu, jambo linaanzia pale ambapo hospitali imeishia. Mtoto aliyefungwa mdomo na kuachwa kaakaa hufika darasa la kwanza akiwa na kovu dogo tu, na watu humdhania amepona. Kumbe hewa ya maneno yake hupita puani. Herufi kama b na d huhitaji hewa ibanwe kinywani, na kwake haibaniki. Akisema baba, darasa husikia mama, akisema dada, husikia nana, na watoto ni watoto, kicheko hakizuiliki. Baada ya juma moja hasemi tena. Mwalimu anayeandika kwamba mtoto huyo ni mzito wa kuelewa amekosea, maana aliyepasuka kaakaa peke yake aghalabu ana akili kama wenzake. Lakini huenda kweli hasikii vizuri, kwa kuwa kaakaa wazi mara nyingi huambatana na majimaji kujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Akae dawati la mbele. Apewe muda wa kujibu kwa maandishi. Na mwalimu aliyesikia king'ong'o kikubwa amwombe mzazi wamtazame mtoto kinywani pamoja, kwa tochi. Tundu likionekana, mtoto apelekwe, hata kama ana miaka minane. Matamshi yake hayatakuwa mepesi kama ya aliyefungwa akiwa na mwaka mmoja, na mazoea ya zamani ya ulimi yatadai mazoezi mengi. Wataalamu wa matamshi ni wachache mno nchini, hivi kwamba mazoezi hayo mara nyingi yatamwangukia mwalimu huyo huyo na mama, kwa maelekezo ya hospitali.

Wako pia waliokwisha kuwa watu wazima. Mchungaji wa ng'ombe wa miaka thelathini, au msichana ambaye wazazi waliacha kumtafutia mchumba, huamini kwamba wakati wao umepita. Kwa mdomo haujapita. Mdomo wa mtu mzima hushonwa, na mara nyingi kwa ganzi tu, akiwa macho, bila hatari za usingizi zinazomkabili mtoto, na ndani ya siku chache huweza kurejea nyumbani. Watu wa namna hiyo hawaji kliniki ya watoto, wala hawamo darasani. Balozi wa nyumba kumi anawajua kwa majina, na anajua pia nyumba wanamofichwa.